Namna ya Kumiliki Daraja kwa Bei ya Fremu

Ukuta wa sebule yako unakusema. Mgeni akishakaa kwenye kochi, kabla chai haijafika, macho yake yamekwisha kuzunguka: kalenda ya SACCOS, picha ya harusi, cheti cha mtoto, saa iliyowekwa mbele dakika kumi kwa makusudi. Amekupima, na wewe unajua amekupima. Basi sogea karibu nikupe ujanja. Utatundika picha moja ya zamani ya daraja la mpakani, ndani ya fremu ya maana, na mtaani utapata jina la mtu anayejua mambo. Shahada haihitajiki. Fedha nyingi hazihitajiki. Wala hutasema uongo hata mmoja, na hilo ndilo linaloufanya ujanja huu udumu miaka, maana uongo wa sebuleni huwa unagunduliwa na shemeji.

1. Chagua daraja lililokwisha kuzeeka

Madaraja ya mpakani tunayo. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, linalotuunganisha na Msumbiji, lina mita 720 na ni la kujivunia, lakini lilifunguliwa 2010 na picha zake zote ni za juzi. La Kazungula, kati ya Zambia na Botswana, lina mita 923 na lilifunguliwa 2021. Liache likue kwanza. Picha ya zamani inataka daraja la zamani, na katika pande zetu hizi za Afrika sijui linaloshindana na lile la Maporomoko ya Victoria, Mosi-oa-Tunya, linalovuka korongo la mto Zambezi kati ya Livingstone upande wa Zambia na mji wa Victoria Falls upande wa Zimbabwe.

Lilifunguliwa 1905. Ni tao moja la chuma la mita 156.5 kutoka mguu hadi mguu, daraja zima likiwa na mita 198, na kutoka juu hadi majini, wakati maji yamepungua, ni mita 128. Nyuma yake maji yanaanguka na kurusha moshi angani. Chuma, korongo, moshi na mpaka wa nchi mbili, vyote ndani ya karatasi moja. Picha ya namna hiyo ikitundikwa, wewe mwenyewe unabaki na kazi ndogo sana.

2. Usinunue ya asili

Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa. Anasikia neno "asili", anaona karatasi ya kahawia yenye madoa, anatoa mshahara. Usifanye hivyo. Picha halisi ya 1905 ni karatasi iliyozoea kupendelewa: inataka ubaridi, ukavu na giza. Ukiipeleka Tanga au Mombasa na kuitundika mbele ya dirisha, chumvi ya hewani na unyevu wa masika vitaila polepole, nawe utakuwa umeua kitu kilichoishi zaidi ya miaka mia moja. Waachie makumbusho na wenye vyumba vya kiyoyozi.

Wewe nunua nakala. Picha nyingi za mwanzo wa karne iliyopita zimetoka kwenye ulinzi wa hakimiliki, na maktaba na makumbusho kadhaa ulimwenguni huziweka wazi mtandaoni zikiwa kubwa vya kutosha kuchapwa. Pakua kubwa kabisa unayoipata. Ipeleke studio yenye printa nzuri, uwaombe karatasi nzito isiyong'aa. Sisitiza hapo, kwa sababu kijana wa studio atakupa inayong'aa akidhani anakupendelea. Karatasi inayong'aa, chini ya taa ya sebule, inaonyesha uso wa mgeni badala ya daraja, na mgeni akijiona mwenyewe ameshasahau daraja.

Ukikutana na muuzaji anayekuapia kwamba aliyonayo ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi enzi hizo, toa simu yako, fungua kamera, ikuze mpaka mwisho, uisogeze kwenye sehemu ya anga. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga mstari kwa mstari kama askari wa gwaride, hiyo imetoka kwenye mashine ya uchapaji: kitabu, jarida, kadi au bango. Inaweza kuwa ya kale na inaweza kuwa ya mwaka jana, lakini picha ya kusafishwa haina vitone hivyo. Vivuli vyake vinatiririka bila kukatika. Zirudishe hela mfukoni, umshukuru, uondoke. Akibaki anakutazama na kujiuliza wewe ni nani, hiyo ni faida ya siku.

Na nakusihi sana, usiizeeshe nakala yako kwa majani ya chai. Najua kishawishi. Watu wanailowesha, wanaikausha juani, wanaikunja pembe. Madoa ya chai yanakaa palepale yalipomwagiwa, wakati umri huanzia pembeni na kuingia ndani, na mtu aliyeshughulika na makaratasi ya kale atagundua akiwa bado mlangoni. Nakala safi isiyojificha ina heshima. Akiuliza, mwambie, "Ni nakala, ya asili ni ya 1905." Utaona sentensi hiyo ilivyo na uzito. Mgeni ataondoka na mwaka kichwani, na neno "nakala" litabaki kwenye kapeti.

3. Fedha zote ziende kwa fundi fremu

Ulichookoa kwenye picha kimwage hapa bila kuona haya. Nenda kwa fundi anayetumia mbao halisi, umwambie mninga. Nakutajia mninga kwa sababu: mti huohuo unaota Zambia na Zimbabwe, ambako wanauita mukwa, na ni mbao ya heshima huko kama ilivyo Tabora. Kwa hiyo fremu ya picha yako imetoka katika ukoo wa miti inayoota nchi za daraja lenyewe. Ni kweli tupu, wala hukugharamika kuipata.

Mwambie fundi azungushe karatasi ngumu pembeni ya picha, pana vidole vinne, ili kioo kisiiguse. Kioo kikigusana na picha, siku ya unyevu vinashikana, na siku ya kuvitenganisha picha inabaki kiooni. Nyuma asipige plaiwudi tupu inayotoa utomvu na kuipaka picha rangi ya chai uliyokwisha kuikataa. Aweke kwanza karatasi safi nene. Kisha afunge ukingo wote kwa karatasi na gundi, maana kuna wadudu wadogo wa rangi ya fedha ambao chakula chao kikuu ni kumbukumbu za watu.

Ukutani, epuka upande unaopigwa na jua la asubuhi, na epuka ukuta ulioshikana na bafu. Bandika vipande vidogo vya kizibo nyuma ya pembe mbili za chini ili hewa ipite. Tundika kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Ndiyo, aliyesimama. Picha ndogo iliyotundikwa hivyo inamwinua mgeni kutoka kwenye kochi, na mgeni akishainuka kwa ajili ya picha, nusu ya safari umeimaliza.

4. Jifunze kuisoma picha kwa dakika tano

Watu wengi wenye picha za kale hawajawahi kuzitazama. Wewe tazama. Mambo machache yatakutosha kutaja umri wa karibu kila picha ya daraja hili, na hakuna kinachomfurahisha binadamu kama kuonekana ametaja mwaka kwa kutupia jicho tu.

Anza na tao. Kama ni mikono miwili inayotoka huku na huku na kuning'inia bila kukutana, picha ni ya kabla ya 1 Aprili 1905, siku tao lilipounganishwa. Kama limeungana, tazama juu, pale vyombo vinapopita. Mwanzoni daraja lilikuwa la reli tupu, njia mbili. Karibu na 1930 sakafu ilifumuliwa, ikainuliwa na kupanuliwa, ikapata barabara. Ukiona motokaa inapita pembeni ya reli, usiseme 1905, hata kama chini pameandikwa 1905.

Halafu moshi. Zambezi hujaa pale kuanzia Machi hadi Mei, na huko Oktoba na Novemba mwamba hubaki mtupu sehemu kubwa. Moshi mzito unaomeza nusu ya daraja ni wa baada ya mvua. Anga nyeupe na mwamba mkavu ni za mwisho wa kiangazi. Na kama moshi uko nyuma ya daraja, basi mpiga picha alisimama upande wa chini wa mto, ameyaelekea maporomoko. Huenda ni Percy Clark, Mwingereza aliyeweka makazi pale 1903, akawa anapiga picha na kuwauzia wasafiri. Lakini usimtaje mpaka uone jina lake limeandikwa. Mpiga picha wa kubahatisha ni kosa la wanafunzi.

Zoezi la nyumbani: tafuta picha ya mikono miwili inayokaribia kugusana. Kwa kuwa ilikuwa Machi, moshi lazima uwe mzito. Ukikuta mwamba mkavu, mtu amekosea maelezo ya chini, na wewe umemkamata ukiwa umekaa kwako umevaa kandambili.

5. Hifadhi simulizi moja, uisimulie vizuri

Usimmiminie mgeni takwimu. Mpe hadithi moja yenye mwendo, na hii ya ujenzi ndiyo bora kuliko zote.

Chuma chote kilitengenezwa Darlington, Uingereza, na kampuni ya Cleveland Bridge. Kilisafirishwa kwa meli hadi Beira, Msumbiji, kikapandishwa treni, kikapita Bulawayo, kikafika ukingoni mwa korongo, ambako reli ilikuwa imefika Aprili 1904. Hapo swali likawa moja: nusu ya daraja inatakiwa ijengwe kutoka ng'ambo, na ng'ambo hakuna reli. Walivukaje?

Hapa nyamaza kidogo. Acha akisie. Atasema mtumbwi, atasema kamba. Ndipo umwambie: roketi. Walirusha roketi iliyofungwa uzi juu ya korongo. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya, waya ukavuta kebo nene ya chuma, na juu ya kebo hiyo kikatembea chombo cha umeme kilichobeba mizigo. Kupitia hapo vikavushwa vyuma vya nusu ya pili, na hata reli za njia ya kaskazini, kabla daraja lenyewe halijakuwapo. Kichwa cha treni nacho kilivushwa hivyo, kikiwa kimefunguliwa vipande. Fikiria kichwa cha treni kikielea vipandevipande juu ya Zambezi. Nimeisimulia mara nyingi na bado sichoki.

Kazi ya pale ilisimamiwa na mhandisi Mfaransa, Georges Imbault. Mikono miwili ikasogea kutoka pande zote, kila mmoja ukishikiliwa nyuma kwa kebo zilizozamishwa ndani ya mwamba, mpaka ikakaribia kukutana. Husimuliwa kwamba jioni ya mwisho, 31 Machi, walipojaribu kuingiza kipande cha kati kilikataa. Chuma kilikuwa kimekunywa jua la kutwa nzima na kutanuka, pengo likawa dogo kuliko kipande, kwa kadiri ya upana wa vidole viwili hivi. Hawakukata wala hawakugonga. Walikwenda kulala. Alfajiri, baridi ya usiku ikiwa imekirudisha chuma katika kipimo chake, kipande kikaingia.

Usiongeze chochote hapo. Kunywa chai yako. Ni hadithi ya watu waliopiga hesabu sawasawa, wakaiamini hesabu yao hata jioni ilipoonekana imekosea, na mimi naiheshimu kwa moyo wote. Usanifu ulikuwa wa George Hobson, wa ofisi ya Sir Douglas Fox, na miongoni mwa vijana wa ofisi hiyo walioshiriki alikuwamo Ralph Freeman, ambaye baadaye alikuja kuwa mkubwa katika usanifu wa daraja la bandari ya Sydney. Hilo liweke akiba, kwa ajili ya mgeni mwenye mtoto Australia.

Akiomba ya pili, mpe hii fupi. Cecil Rhodes, aliyetaka reli kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza daraja likae karibu na maporomoko ili rasharasha ya maji iyaloweshe mabehewa. Alikufa Machi 1902, jiwe la kwanza halijawekwa, na maporomoko hakuwahi kuyaona kwa macho. Aliyekuja kulifungua, tarehe 12 Septemba 1905, ni Profesa George Darwin, mtoto wa Charles Darwin mwenyewe. Mgeni wako atauliza, "Darwin yule wa nyani?" Jibu, "Mtoto wake." Basi.

6. Jiandae kwa mgeni mwenye swali

Siku moja atakuja mtu, mara nyingi binamu aliyesoma, atasimama mbele ya picha, mikono nyuma, na atasema: "Sasa wewe umetundika ukoloni sebuleni?"

Usitetemeke, na tafadhali usiigeuze kuwa mzaha. Swali lake ni halali, na jibu lake ndilo sehemu nzuri kuliko zote ya ujanja huu. Mkaribishe asogee karibu. Mwoneshe watu. Katika picha nyingi za ujenzi utawaona: wamesimama juu ya vyuma, wameshika kamba, wako chini ukingoni. Maelezo ya chini yakitaja majina, hutaja ya wahandisi. Wanaume Waafrika waliovuta, waliobeba na waliopanda juu ya korongo la mita mia na zaidi hawakuandikwa majina. Mweleze hivyo waziwazi. Mwambie pia daraja lilitafuta nini: reli ile ilipitia makaa ya mawe ya Wankie kuja mtoni, ikavuka, ikafika Broken Hill, Kabwe ya leo, mwaka 1906, na Katanga mwaka 1910. Ilifuata madini, na ikabeba wanaume wengi kwenda kuyachimba. Picha nyingi za daraja zilipigwa na kuchapwa ili kumvutia mtalii na kumtuliza mwenye hisa. Ukitundika picha bila kujua hilo umetundika tangazo lao. Ukijua, umetundika ushahidi.

Kisha mpeleke 1973, maana hapo hadithi inahamia kwetu. Mwezi Januari mwaka ule, Ian Smith, aliyekuwa ameiteka Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kwa niaba ya walowezi wachache, aliufunga mpaka na Zambia ili kumwadhibu Rais Kaunda kwa kuwapa hifadhi wapigania uhuru. Alikuwa mjanja: akasema shaba ya Zambia inaweza kuendelea kupita, kwa kuwa shaba ilimlipa nauli. Kaunda akakataa kupitisha hata shaba. Na Smith alipotangaza kuufungua tena mwezi uliofuata, Kaunda akasema upande wake umefungwa na utabaki umefungwa. Nchi isiyo na bahari, ikajikatia njia yake ya kwenda baharini.

Mzigo ukageukia Dar es Salaam. Malori yalikuwa yakihangaika kwenye barabara ile tangu Smith alipojitangazia uhuru wake 1965, yakipandisha mapipa ya mafuta na kushusha shaba. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa limekwisha kufika Ndola mwaka 1968. Na Wachina, Watanzania na Wazambia walikuwa tayari wanalaza reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, iliyokamilika 1975 na kukabidhiwa 1976. Kama una mzee aliyefanya kazi ya kulaza reli Mlimba au Makambako, basi mlangoni mwa nyumba yako kuna mtu aliyejenga jibu la daraja hili. Mwite aje aione picha. Mwambie, "Mzee, tazama, hii ndiyo njia iliyofungwa ninyi mkiwa mnalaza yenu." Binamu yako aliyesoma atatafuta kiti.

Wala daraja lenyewe halikubaki kimya. Mwezi Agosti 1975 behewa la treni kutoka Afrika Kusini lilisimamishwa katikati yake, juu ya mstari wa mpaka. Smith hakutaka kuzungumza nje ya Rhodesia. Baadhi ya viongozi wa wapigania uhuru wasingeweza kutia mguu Rhodesia bila kukamatwa. Basi meza ikawekwa ndani ya behewa, upande wa Smith ukiwa Rhodesia na upande wa wajumbe wa African National Council, wakiongozwa na Askofu Abel Muzorewa, ukiwa Zambia. Kaunda alikuwapo, John Vorster wa Afrika Kusini alikuwapo, na nyuma ya Kaunda walikuwapo marais wenzake wa mstari wa mbele, Nyerere, Machel na Khama, waliokuwa wamesukuma wapigania uhuru wakae pamoja. Mazungumzo yalivunjika. Zimbabwe ikapata uhuru Aprili 1980, baada ya vita kuendelea miaka mingine.

Gusa kioo kwa kidole pale katikati ya tao. "Hapa," mwambie. Kidole kimoja kinatosha. Kesho utafuta alama kwa kitambaa kikavu, usinyunyizie dawa ya vioo kwenye fremu, itapenya pembeni.

7. Swali la "Umewahi kufika?"

Litakuja, na wengi ndipo wanapoanguka. Jibu kama hujafika: "Bado." Neno moja, kwa uso uliotulia. Usiseme "nilipita karibu". Usimtaje rafiki aliyefika kana kwamba ulikuwa kwenye begi lake. Anayesema "bado" anaonekana ana mpango, na kwa kuwa ameonekana ana mpango, mwisho wake huwa anakwenda kweli, kwa aibu tu. Nimeshuhudia ujanja huu ukiwapeleka watu Zambia.

Njia ni rahisi kuifikiria: treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi inapokuwa inatembea, au basi la Dar hadi Lusaka, kisha basi jingine hadi Livingstone. Mpakani waambie uhamiaji unataka kufika darajani tu na kurudi. Huwa wanatoa kikaratasi cha ruhusa bila kukugongea muhuri wa kutoka nchini. Beba pasipoti hata hivyo. Katikati utakuta vijana wanaruka na kamba miguuni, mita 111 kwenda chini, kwa kulipa. Huhitaji kuruka. Simama upande unaotazama maporomoko, ulowe kidogo, utazame ribiti za chuma karibu na mkono wako, zile zilizotoka Darlington. Kisha tafuta upande wa chini wa mto mahali alipoweza kusimama mpiga picha wako, upige yako. Usiibandike kwenye fremu ya mninga. Iweke ndani ya simu, uioneshe pale tu utakapoombwa, wataomba.

8. Atakapokuja anayelijua kuliko wewe

Mtaa una watu, na siku yoyote anaweza kuingia dereva wa malori aliyepitisha shaba na mahindi Livingstone miaka ishirini, au mama aliyekuwa akienda kuchukua vitenge na kurudi na basi la usiku. Atasimama, atacheka, atasema, "Hili daraja mimi nalijua." Moyo utakudunda. Vyema. Huyu ndiye uliyekuwa unamsubiri, ingawa hukujua.

Nyamaza papo hapo. Usimwambie habari ya roketi, usimtajie Darwin. Mwachie kiti kinachoelekea picha, mmiminie chai, umuulize alilivuka mwaka gani, foleni ilikuwaje, alilala wapi, na baada ya Kazungula kufunguliwa malori yalihamia huko au mengine yalibaki. Muulize kama lilikuwa likitetemeka treni ilipopita. Mwache akurekebishe, hata mahali ulipo sahihi. Utapata nafasi ya kusema lako siku nyingine, kwa mwingine. Akiondoka, shusha fremu, igeuze, uandike nyuma yake alichokueleza, pamoja na mwaka wake wa kuvuka. Andika kwa penseli. Wino hupenya karatasi.